Samaki kwenye kialamisho cha babu

Hapa Kolwezi kila mtu ni mtaalamu wa madini, mpaka umtie madini mkononi. Mimi nikiwemo. Sijawahi kushika sululu, nauza madaftari na kalamu sokoni Manika, lakini mama aliponipa kialamisho chake cha fedha nimtambulie nani alikitengeneza, nilikunja uso na kukigeuzageuza kama sonara.

Kilikuwa kipande chembamba, urefu wa kidole, cha kuwekea ukurasa. Babu alimpa mama siku ya komunyo yake ya kwanza, akamwambia akitunze, basi. Babu alikuwa fundi wa umeme katika karakana ya mgodi, na jioni alitengeneza taa katika nyumba za wazungu. Dada mkubwa wa mama, tunayemwita mama mukubwa, alikuwa na maelezo yake: babu alikiiba katika mojawapo ya nyumba hizo. Aliyasema msibani, akayasema harusini, na Jumapili iliyokuwa inakuja tulikuwa na ubatizo. Zawadi nyingine hajawahi kuleta.

"Mi sitaki kufa na ile neno," mama aliniambia kuhusu baba yake. "Angalia muzuri, uniambie kama tata alikuwa mwizi."

Nyuma kulikuwa na mhuri mmoja tu, samaki mdogo aliyepinda mkia. Nikaingia kwenye simu. Nilijifunza kwamba fedha ya kale ya Ulaya hupigwa mihuri ya simba, taji, nanga na herufi, na kila mhuri una mwenyewe. Nikatuma picha kwenye kundi la wakusanyaji wa vitu vya kale. Mmoja alisema Ubelgiji, wa pili akaapa ni Ureno, wa tatu akauliza kama nauza. Kwa ushahidi huo mzito nilimtangazia mama kwamba kialamisho kimetoka kwa sonara mkubwa wa Ulaya, katika mji ambao mpaka leo siwezi kuuonyesha kwenye ramani.

Mama alichukua Biblia yake akaingia chumbani. Niliumia. Nilitaka kumfurahisha kwa elimu yangu, kumbe nimemhukumu baba yake kuwa mwizi.

Basi nikafanya kinachofanywa na kila mtu hapa. Nilipanda pikipiki ya taxi-moto hadi Musonoi, kwenye depo ya kununulia madini ambako shemeji yangu hupima mawe ya wachimbaji kwa kile kimashine kinachofanana na cha kukaushia nywele. Watu humpelekea pete za ndoa, misalaba, hata meno. Akakielekeza kwenye kialamisho, akasoma.

"Fedha iko juu tu, sawa rangi. Ndani njo mukuba."

Shaba! Nimezaliwa juu ya shaba, nimekunywa vumbi lake, na wiki nzima nilikuwa naitafutia ukoo Ulaya.

Nilimkuta mama anawasha mbabula, jiko la makaa ambalo babu alimtengenezea alipoolewa. Nilipomwambia si fedha halisi, hakusikitika hata kidogo.

"Sasa muzungu gani anaweza kuweka mukuba mu Biblia?" aliuliza.

Akakishika karibu na moto, akamtazama yule samaki. Halafu akainama na kufuta masizi kwenye mlango wa mbabula kwa pindo la kitenge. Samaki. Mkia umepinda upande uleule. Hapo ndipo mama alipokumbuka kwamba kule karakanani kila fundi alipiga alama yake kwenye vifaa, ili wenzake wasiviazime moja kwa moja, na kwamba ndiko walikopaka fedha vipande vya shaba vya umeme. Sonara wangu mkubwa wa Ulaya alikuwa chini ya sufuria yetu ya maharage miaka yote. Mama alilia, halafu akacheka, halafu akaniita mjinga.

Jumapili, baada ya ubatizo, aliweka kialamisho mbele ya dada yake, na mbabula pembeni. Mama mukubwa alivaa miwani, akawatazama wale samaki wawili kwa muda mrefu.

"Bon," alisema. "Basi aliiba mukuba ya kampuni."

Barabarani yalikuwa yanapita malori yaliyojaa shaba, moja nyuma ya jingine, yakielekea mpakani. Glasi zikatetemeka mezani. Mama alisubiri kelele zipungue, akawaonyesha kwa kidevu wenye malori.

"Na bale, yaya, unabaitaka nani?" alimuuliza dada yake, hao nao anawaita jina gani.

Mama mukubwa aliomba aongezewe bukari, ugali wetu, na mama akamkatia tonge kubwa.