Ufunguo wa Kutolea Silinda

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa karakana yetu ya kufuli mjini Kitale alinipa tupa, kipande cha shaba na onyo. "Kijana, ukipitisha hiyo tupa mara moja ya ziada, mwizi ataingia kwa duka ya mtu." Nilicheka. Kufikia jioni alikuwa ametupa kila kipande nilichokata, na kicheko kimeniisha.

Tulitengeneza silinda za milango ya maduka na maghala. Silinda ni kile kiini kinamoingia ufunguo. Ndani yake mna pini ndogo zinazosukumwa na springi. Meno ya ufunguo yakizipanga sawa, kiini huzunguka. Kwa biashara kubwa tulipanga funguo kwa ngazi: karani alifungua mlango wake tu, meneja alifungua yote. Juu yao kulikuwa na ufunguo mmoja wa kuchomolea silinda nzima ili itiwe nyingine, na funguo za zamani zibaki vyuma tu. Nilikuwa hodari, sioni haya kusema. Pini zangu hazikurudishwa karakana.

Nilipohamishiwa tawi la Bungoma, nilifunga mfumo huo katika duka la vifaa vya ujenzi la mume na mke. Nilipompa mume ufunguo wa kutolea silinda, alinielekeza kwa mkewe. "Mpe Mama Nekesa. Mimi hupoteza hata kofia." Nikamkabidhi mbele ya wafanyakazi wote.

Miaka ikapita, nikarudi Kitale kuwa msimamizi. Yule mume akafariki. Matanga hayajaisha, kaka zake wakanyang'anya wafanyakazi funguo na kutangaza kwamba duka ni lao. Mama Nekesa akanipigia simu. Nilipofika Bungoma nilimkuta amesimama kando ya mlango wake mwenyewe kama mgeni, watoto wamemshika nguo. Niliumia sana.

"Fundi, rudi Kitale bana," kaka mkubwa akasema. "Hii ni duka ya ndugu yetu. Si unaona funguo zote tuko nazo?"

"Sawa, mzee. Basi chomoa silinda nione."

Alijaribu zote. Mmoja ulifungua mlango, lakini silinda haikutoka. Mama Nekesa akafungua fundo la leso, akanipa ule wake. Silinda ikatoka bila kelele. Nikatia mpya niliyokuja nayo, funguo zake nikampa Mama Nekesa. Kaka mkubwa akajaribu tena ufunguo wake. Uliingia, ukakataa kuzunguka.

"Ati huyu mama ameuiba!" akafoka.

Karani mzee wa duka akajitokeza. "Hapana. Mimi nilikuwa hapa. Marehemu mwenyewe alisema apewe mama."

Kaka mkubwa akasogea kando. Mama Nekesa akafungua duka, akaingia na watoto wake.

Sasa nimestaafu, niko zangu mtaa wa Tuwan, Kitale. Vijana hunionyesha milango inayofunguliwa kwa kidole na kwa simu. Ni kazi safi, siibezi. Ila huwauliza: mwenye uwezo wa kubadilisha kufuli ni nani, na mlimpa mbele ya nani? Ufunguo wa kutolea silinda wa nyumba yangu anao mke wangu, nilimpa watoto wetu wakiona. Nikichelewa kwa porojo, nabisha hodi na kungoja anifungulie kama watu wengine.