Marahaba ya Baba

Baba yangu hakuwahi kuacha shikamoo ya mtu bila kuiitikia. Kule kwetu Butiama alikuwa tayari kuweka jembe chini katikati ya shamba la mihogo ili amwambie mpita njia "marahaba", kisha amuulize habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe. Sisi wanawe tulimcheka sana. Hatukujua kuwa heshima nayo inaweza kumponza mtu.

Ule ugonjwa wa kifua wa kuambukizana ulipomshika nilimleta kwangu mjini, Kitaji, na kesho yake tukaenda hospitali. Wodi ilikuwa na mtungi mmoja tu wa oksijeni, ambao baba alipokezana na mzee wa kitanda cha pili. Muuguzi naye alikuwa mmoja, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Ndugu wakaja. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake, ugonjwa uwe wa namna gani. Walipozuiwa mlangoni wakazunguka dirishani, na kila mmoja akatoa shikamoo yake. Baba akawa anaivua barakoa ya oksijeni, anaitikia, kisha anahema mpaka mbavu zinaonekana.

"Mzee, usiivue!" muuguzi akafoka.

"Sasa sista, nikinyamaza si watasema siku hizi naringaga?"

Muuguzi akanigeukia. "Mama, waambie ndugu zako wasimsalimie. Mtungi huu ukiisha, mwingine sijui utatoka wapi."

Basi nikasimama dirishani kama askari, nawafukuza watu wa damu yangu. Shangazi alinisonya. "Mjini kumekuharibu," akasema. Niliona aibu, lakini hasira ilizidi. Mtu amelima maisha yake yote, leo pumzi anapewa kwa zamu!

Asubuhi ya mwisho niliingia na uji wakati zamu ikiwa yake. Sikumsalimia. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikamshika mguu. Alinitazama, akangoja. Nikageuza macho ukutani. Akaendelea kungoja, halafu mkono wake ukapanda polepole mpaka usoni, akaivua barakoa.

"Marahaba," akasema. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

Nikamrudishia barakoa haraka. Alikata roho kabla zamu yake haijaisha, na muuguzi akausukuma mtungi kwenda kitanda cha pili.