Tisa Desemba na Tope la Ndiva

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mkiulizwa siku ya kuzaliwa mnataja mpaka saa. Basi msinicheke kabla sijamaliza. Sisi wa huku milimani tuliozaliwa kabla ya Uhuru tuliambiwa tu, "ulizaliwa maharage yanachanua," tukaridhika. Wengine waliridhika. Mimi nilitaka tarehe, tena kubwa.

Nikachagua tisa Desemba. Siku hiyo Tanganyika ilipata Uhuru, na mwaka uliofuata, siku hiyohiyo, ikawa Jamhuri. Nikaona siku iliyobeba mambo mawili ya nchi haitashindwa na vijimambo vyangu. Kifungua mimba wangu alizaliwa Desemba, tarehe nikaisahau, nikampa tisa. Nyumba tuliezeka bati Desemba, tisa. Hata ng'ombe wetu wa kwanza wa maziwa nilisema alipandishwa mlima huu siku ya Uhuru, mpaka binti yangu akauliza, "Mama, si aliletwa Pasaka?" Nikamwambia anyamaze, yeye alikuwa mgongoni. Na ule mwenge uliowashwa Kilimanjaro usiku wa Uhuru nasema kila mwaka kwamba niliuona kwa macho yangu. Nadhani niliona mtu anachoma magugu.

Mjukuu wangu wa kike alipopata mchumba, kijana wa Same mjini, watu wa kijana wakaomba kuja kujitambulisha. Mjukuu akasema waje Jumamosi yoyote.

"Tisa Desemba," nikasema. "Mambo makubwa ya nyumba hii huwa siku hiyo."

"Bibi, kwani sisi ni serikali?"

"Nimeshasema."

Wakakodi gari. Sisi tukanunua mchele, tukafunga mbuzi. Jioni ya kuamkia siku yenyewe, pembe likalia kijijini. Likilia hilo ni msaragambo: watu wazima wote wa kila kaya watoke na majembe kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa letu la kukingia maji ya mfereji. Kaya isiyotokea inakosa zamu ya maji msimu mzima. Na mwaka huo vuli ilikuwa imetutupa. Maharage yalishaanza kujikunja majani.

Nikaenda kwa mzee wa ndiva, ambaye ni shemeji yangu, nimefura kama chatu.

"Nani huyo kaweka msaragambo sikukuu ya Uhuru?"

"Wewe, shemeji."

Kweli, ni mimi, nikasahau. Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama nikagonga fimbo chini: ndiva isafishwe tisa Desemba, watoto wetu wa mjini wakiwa likizo, wasije kula tu. Kisha nikaongeza, bila kuombwa na mtu, kwamba hakuna udhuru ila msiba.

"Lakini mimi nina wakwe kesho," nikasema.

"Nani amekufa kwako?"

"Hakuna."

"Basi jembe."

Kuwaahirisha wakwe nisingeweza. Mtu aliyekwisha kodi gari ukimwambia asije, anaelewa kitu kimoja tu: binti hatolewi. Nyumbani nikamkuta mjukuu jikoni, simu mkononi, machozi yanamlengalenga. Hakunilaumu. Angenilaumu ningemkaripia, nikapata nafuu.

Asubuhi tukaenda wote ndivani, na yeye akiwemo. Mbuzi tukamwacha anatafuna kamba yake. Chakula kilikuwa makande ya wafanyakazi.

Njia ya gari inapita juu tu ya ndiva. Wakwe waliposimama, mimi nilikuwa tope magotini, khanga nimeifunga kiunoni kama mpiga ngoma. Shangazi wa kijana akashuka na viatu vyake vyeupe.

"Shikamoo mama. Tunamtafuta bibi mmoja, tumesikia ana siku yake kubwa leo."

"Marahaba. Ndiye mimi. Na ukubwa wenyewe ndio huu."

Ndiva nzima ikacheka, shemeji yangu kuliko wote. Shangazi hakucheka. Alimtazama mjukuu wangu aliyeshika jembe, tope mpaka kwenye nyusi.

"Kumbe kazi anaijua?"

"Humu wote wanaijua. Hata mimi niliyejiroga."

Akavua viatu. "Sisi tulidhani tunakuja kuoneshwa binti kwenye kochi." Kijana naye alikuwa ameshaingia na suruali yake ya pasi, anamnyang'anya mjukuu wangu jembe, na mjukuu hataki kuliachia.

"Shemeji," mzee wa ndiva akanipigia kelele kutoka ng'ambo, "hili nalo liweke tisa Desemba!"

Lilikuwa jambo la kwanza ambalo sikuhitaji kulihamishia tarehe hiyo.

Nikawageukia watu wa nyumbani kwangu. "Arusi ipangeni siku yoyote isiyo tisa, wala msiniulize. Na wageni wapeni makande sasa hivi, kwa sahani zisizo na tope."