Magunia Niliyoyaacha Homa Bay

Kubana mafuta ya gari nilifundishwa na dereva mstaafu wa lori pale Isebania, na somo lile nililishika kama mtu aliyeokoka juzi. Kanyaga aksileta taratibu. Ukiona tuta, toa mguu mapema, usiende mbio kisha ukalalie breki. Teremka mlima gari likiwa kwenye gia. Upepo wa tairi upime wewe mwenyewe.

"Na usibebe mizigo ya bure," aliniambia. "Kila kilo, injini inaijua."

Nikang'oa keria ya juu. Nikasafisha buti hadi likabaki na jeki na gurudumu la akiba. Kwenye dashibodi kuna namba ndogo inayoonyesha lita moja imekupeleka kilomita ngapi, na mke wangu alizoea kulalamika kwamba naitazama hiyo kuliko barabara.

Asubuhi moja nilienda Homa Bay kumchukua mama. Dada yake mkubwa, aliyeishi Migori, alikuwa ameugua muda mrefu, na mama alitaka kumwona. Nilimkuta mlangoni amevaa gauni la kanisani. Kando yake palikuwa na gunia la unga wa mtama na muhogo, gunia la viazi vitamu, na ndoo ya omena, wale dagaa wa ziwani, iliyofunikwa kitambaa.

"Mama, hii yote ni ya nini? Migori si kuna soko?"

"Huu unga nimelima mwenyewe, wuoda," alisema. Bado ananiita mwanangu kwa Kijaluo, na mvi hizi zote. "Dada yangu unga wa dukani haumpiti kooni. Anataka wa nyumbani."

"Mzigo unakula mafuta, Mama. Beba omena. Hayo magunia nitakuja kuyachukua siku nyingine."

Hakubishana. Aliinuka, akayaburuta magunia ndani, moja baada ya jingine, mimi nikiwa nimechuchumaa napima upepo wa tairi. Kwamba nilimwacha ayaburute peke yake, sijawahi kumwambia mtu.

Tulipita Rongo polepole. Awendo tukakuta matrekta ya miwa, nikakaa nyuma yao bila haraka. Ile namba haikuwahi kuwa nzuri hivyo, nami nikamwonyesha mama kwa kidole.

"Naona," alisema, akaendelea kutazama nje.

Tulipofika Migori, mama mkubwa alikuwa amelala kwenye godoro karibu na dirisha. Alikuwa amekonda sana, lakini macho yake yalikuwa mazima. Alimshika mama mkono.

"Umeniletea unga? Leo nina njaa. Tangu nimeamka nauwaza."

Mama alimpapasa kiganja. "Nimeusahau, dada. Ni uzee huu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo ya omena mkononi. Mama hasahau kitu. Alidanganya mbele ya dada yake mgonjwa ili mimi nisiaibike, na wala hakunitazama.

Niliweka ndoo chini, nikasema natoka kidogo. Nilirudi Homa Bay nikikanyaga mafuta hadi injini ikalia, nikipita kila kilichokuwa mbele yangu. Nilipakia magunia yote mawili. Nilipofika tena Migori jua lilikuwa limeshuka, na mama mkubwa alikuwa usingizini.

Watu wa nyumba ile walipomwamsha, ugali ulikuwa tayari. Alichukua tonge, akalinusa, akatabasamu. "Ndio wenyewe," alisema. Alitafuna kidogo tu, akalirudisha kwenye sahani. Hamu ilikuwa imekwisha. Baada ya siku chache hakuweza tena kula chochote kigumu, na kabla mwezi haujaisha tukamzika.

Baada ya mazishi nilimwomba mama msamaha.

"Si uliuleta?" alisema. "Acha hayo maneno."

Niliuleta, ndiyo. Lakini aliuulizia mchana akiwa na njaa, nami nilifika nao jioni.