Masahihisho ya Ukurasa wa Arobaini na Sita

Kailemia anastaafu mwezi ujao, na mimi tayari nimeanza kuichukia meza yetu. Tumekaa pamoja kwenye maktaba hii ya mjini Meru miaka kumi na mmoja. Ni mkaidi, ana maneno machache, na ukikunja pembe ya ukurasa atakutazama kama umekanyaga miche yake ya kahawa.

Siku hizi wanafunzi wa chuo kikuu cha Nchiru huja kuchaji simu. Zamani watu walikuja kungoja kifurushi cha vitabu kutoka maktaba ya Embu. Huo ulikuwa mpango wa Kailemia mwenyewe. Vitabu vya historia ya miji yetu huchapishwa nakala chache na dukani havikai, basi sisi tuwapelekee Embu kila kinachotoka huku, nao watuletee vya kwao. Wazee walisoma jinsi soko la Embu lilivyoanza, wakabishana mpaka tukawatoa wakamalizie kwenye nyasi. Naikumbuka kelele ile, na wallahi naitamani.

Mtu mmoja hakuwahi kuisifu kazi ya Kailemia, naye ni mamake, Karwirwa wa Kanyakine. Alikuwa akinunua ndizi soko la Gakoromone hapa Meru na kwenda kuziuza Embu. Alitaka mwanawe awe mwalimu kama Koome wa jirani, akaiita kazi ya maktaba kuchunga ng'ombe wasiokamwa. Alifariki miaka ishirini iliyopita bila kumwambia hata siku moja kwamba amefanya vyema. Kailemia aliniambia hayo mara moja tu, tukihamisha rafu chini ya paa linalovuja, na kwa jinsi alivyoyasema nilijua bado yanamuuma.

Kifurushi cha mwaka huu kilikuja na kitabu cha soko la Embu, kilichoandikwa na mwalimu mstaafu aitwaye Kivuti. Kailemia alikigonga muhuri, akafungua kurasa kukagua kama kawaida yake, akafika wa arobaini na sita, akakisogeza kitabu karibu na miwani. Palikuwa na picha ya wanawake wanne sokoni. Wa tatu, aliyeweka mkono kiunoni, alikuwa mamake. Nyumbani kwao hawana picha yake hata moja.

Chini yake paliandikwa: Mama Laibrari, muuza ndizi kutoka Meru.

Nilidhani atafurahi. Alikasirika. Mamake ana jina, alisema, si jengo. Aliandika barua saa hiyo hiyo: jina si hilo, ni Karwirwa, lisahihishwe. Bahati ni kwamba kitabu kilikuwa kinapigwa chapa upya Ijumaa, na Cicily, mwenzetu wa maktaba ya Embu, aliahidi kuifikisha barua kwa mwandishi. Siku tatu Kailemia hakugusa chakula cha mchana. Alitaka jina la mamake liwe sawa kitabuni, kwa sababu yeye ni mmoja wa wale wanaoamini bado kwamba kilicho kitabuni hakipotei.

Alhamisi Cicily alipiga simu. Masikio ya Kailemia yamechoka, kwa hiyo huweka simu mezani kwa sauti ya juu, na maktaba nzima husikia.

"Mzee, nimeongea na Mwalimu Kivuti," Cicily alisema. "Anasema hiyo si makosa. Huyo mama akifika soko, hata kabla ateremshe ndizi, alikuwa anaambia watu kijana yake anafanya laibrari Meru. Kila wiki. Mpaka wakamwita hivyo. Jina ingine hakuna mtu alijua."

Kailemia alivua miwani. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa karibu na soketi aliinamisha kichwa kwa heshima, nami nikajifanya natafuta kalamu, maana machozi yalikuwa yamenitoka kabla ya yake.

"Mzee, uko?" Cicily aliuliza. "Watu wa press wananingoja, wanachapisha kesho. Niwaambie waandike Karwirwa?"

Kailemia alivaa miwani tena, akaisogelea simu.

"Hapana," alisema. "Waambie waache hivyo. Jina yake ni hiyo."