Tulienda kupanga mahari Meatu, mwenye binti haonekani

Wakuu, salaam kwenu, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Hii habari nimekaa nayo miaka kadhaa. Sio chai ya kutunga. Majina nimebadili na kijiji sikitaji, ila mengine yote nimeyapitia mara mbili kabla ya kuandika, ndivyo nilivyozoea. Ni ndefu kidogo. Mwenye haraka aishie hapa, simdai.

Mimi ni dalali wa ng'ombe, makazi yangu Bariadi. Nilianza kijana, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mzani akaruhusiwa kununua pamba. Wenzangu wakakimbilia pamba, mimi nikaenda mnadani. Pamba watu walikuwa wanaitia maji na mchanga. Ng'ombe naye wanamnywesha maji kabla ya mnada, lakini yeye angalau tumbo unaliona.

Mnadani kuna mchezo mmoja wa zamani. Mnabishana bei mpaka mnakaribiana, halafu yule aliyeshika kamba anakwambia, "Mimi nimetumwa tu, mwenye ng'ombe hayupo."

Mwenyewe yuko banda la supu, anakuangalia. Anasubiri uchoke uongeze.

Huo mchezo nimechezewa, na mimi nimeuchezea watu. Nilikuwa naamini hakuna anayeweza kunidanganya kwa kutokuonekana.

Sasa twende mwaka ule wa pili wa corona, mwezi wa tatu. Mnaokumbuka mtakumbuka. Mkuu wa nchi alikuwa hajaonekana kwa siku kadhaa na watu walikuwa wanaulizana kwa sauti ya chini. Mnadani kwetu nilisikia wazee wawili kwenye supu.

"Jumapili pia hakuonekana."

"Unamtafuta wa nini, una ombi?"

"Namtafuta kwa sababu ni baba yetu."

"Baba yuko kazini. Kunywa supu."

Meza nzima ikacheka, halafu meza nzima ikageuka kuangalia nani amekaa nyuma. Tulikuwa tunasikia kuna watu wanaitwa kituo cha polisi kwa maneno ya namna hiyo, kwa hiyo hofu zilikuwa mbili. Moja ya kumhofia mkuu asiwe amepatwa na jambo, nyingine ya kuonekana unamhofia.

Na ugonjwa wenyewe ulikuwa hautajwi. Mtu akizikwa ilikuwa nimonia, au changamoto ya kupumua, au kwa lugha ya kwetu, kifua. Sicheki mtu hapa. Mimi mwenyewe nimejifukiza mwarobaini na malimao mpaka ngozi ya pua ikabanduka. Barakoa nilikuwa nayo moja, inakaa mfukoni. Nikikutana na wanaovaa navaa, nikikutana na wasiovaa naivua. Biashara ni maelewano.

Katikati ya mwezi huo ndipo tukaenda ukweni.

Mpwa wangu Masanja, mtoto wa marehemu dada yangu, alikuwa amempata binti anaitwa Kabula, wa Meatu, upande wa Lingeka. Baba yake Kabula ni mwenyekiti wa kijiji, huko wanamwita Chairman hata wajukuu zake. Kupanga mahari kwa Wasukuma bila mtu wa kubishana ni kujitafutia umaskini, kwa hiyo familia ikanichagua mimi niwe msemaji. Tulikwenda wawili, mimi na shemeji yangu, baba yake Masanja, kwa gari langu, Probox.

Tulifika mchana. Aliyetupokea ni mdogo wake Chairman, baba mdogo Shija.

"Mwadila, ngosha," akanisalimia Kisukuma, mwanaume kwa mwanaume.

"Mwadila. Chairman tumemkuta?"

"Yuko kikao cha kata. Tuendelee tu, mimi na yeye ni mmoja."

Sawa. Tukala, tukanawa, vikaletwa vijiti. Kwa wasiojua: kila kijiti ni ng'ombe mmoja, vinawekwa chini mbele ya wote, unavuta au unarudisha. Hakuna karatasi na hakuna ugomvi baadaye.

Wao walianza na ishirini na tano. Sisi tukaanza na kumi na mbili. Ikaenda ikirudi mpaka jua likaanza kushuka, tukakwama. Wao kumi na nane, sisi kumi na sita. Ugomvi wote ukawa mitamba miwili, majike ambayo hayajazaa.

Hapo nikagundua jambo. Kila tukikwama Shija anainuka, anaingia nyumba kubwa, anakaa kidogo, anatoka na neno jipya. Mara tatu. Sasa kikao gani cha kata kinafanyika chumbani?

Nikamnong'oneza shemeji, "Mzee yuko ndani. Anatupandishia bei."

"Una uhakika?"

"Banda la supu lile pale," nikamwonyesha mlango kwa kidevu.

Nikafurahi, wakuu. Sitaficha. Nilijiona nimemkamata. Nikamwambia shemeji tulale, kesho tutamchosha. Nikaanza na utani wa sauti kubwa ili ndani wasikie kuwa hatuna haraka. Uwanja mzima ukacheka. Mama yake Kabula alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba ile, yeye hakucheka. Nikasema moyoni, huyu naye ni wa upande wa bei.

Tukalala kwa jirani.

Siku ya pili ikawa vile vile. Na hapa ndipo naomba mnisome taratibu, kwa sababu vitu vyote vilikuwa mbele yangu. Nyuma ya jiko kulikuwa na maganda ya malimao, mengi kuliko ya wageni. Sufuria ya mwarobaini ilishushwa mara mbili asubuhi ile. Blanketi zito lilikuwa limeanikwa, limelowa katikati. Nikaona vyote, lakini nchi nzima si ilikuwa inajifukiza? Kila nilichokiona kilikuwa na maelezo yake, na nilikuwa nimeshaamua mzee anafanya nini humo ndani. Nilichokuwa natafuta ni mitamba miwili.

Baada ya chakula cha mchana nikaamua kumaliza. Mnadani, ukitaka mwenye ng'ombe atoke mafichoni, unakubali bei yake. Anakuja mbio hata supu haijaisha.

Nikavuta vijiti viwili, nikaviweka. "Kumi na nane, baba mdogo. Yote, na mitamba ndani. Sharti moja tu, Chairman mwenyewe aitamke kwa mdomo wake, tufunge."



Shija akaangalia vijiti. Akaangalia chini. Kisha akaviondoa viwili akanirudishia.

"Chukueni kwa kumi na sita, ngosha."

Wakuu, katika miaka yangu yote ya udalali sijawahi kukubali bei ya muuzaji, halafu muuzaji akaishusha.

Nikamjaribu. "Kumi na tano?"

"Sawa."

Shemeji akanivuta shati. Nikasema, "Kumi?"

Shija hakubisha. "Sawa."

Nikasimama. "Mwenyekiti ana nini?"

"Nimekwambia yuko kikao."

Ndipo mama Kabula akainuka pale kizingitini. "Mjomba, ingia."

Shija akakimbilia mlangoni kumzuia mke wa kaka yake. "Shemeji, tulikubaliana."

"Mlikubaliana na nani? Yeye mlimuuliza?"

Kwetu, mtu wa upande wa mume kuingia chumba cha kulala cha mkwe ni aibu kubwa. Yule mama alinishika mkono akanivusha mwenyewe.

Chairman alikuwa amekalishwa kitandani, ameegemezwa kwenye gunia la pamba kwa sababu akilala pumzi inakata. Midomo imebadilika rangi. Alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo kisimani kwa kamba fupi. Aliniangalia akataka kusema neno, likakatika katikati. Nikaambiwa ni siku ya tano, na kwamba Shija alikuwa anaingia kumtazama tu.

Nilitoka nikamkuta Shija amekaa chini, mikono kichwani.

"Baba mdogo, mbona hamkumpeleka?"

"Mwaka mzima amesimama kwenye mikutano anawaambia watu wachape kazi, wasitishane. Leo abebwe, kijiji kimwone? Na wakati wenyewe huu, huko juu nako watu wananong'ona. Wakiniuliza nani kasema kuna huo ugonjwa hapa kwetu, nitasemaje?"

"Sema kifua. Sema nimonia. Sema amekwamwa na mfupa wa kuku. Liite unavyotaka, ila apande gari."

Tulilaza viti vya nyuma vya Probox, tukatandika godoro, mama akakaa amemshika. Kijiji kilimwona. Watu walitoka kwenye mashamba wakasimama kandokando ya njia, wakavua kofia. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeuliza. Kumbe nusu yao walikuwa na mtu wa namna hiyo ndani.

Hospitali ya wilaya hawakutuuliza jina la ugonjwa na sisi hatukulitaja. Nesi alimwangalia mara moja, akafungua mtungi wa oksijeni, akamvalisha barakoa yake. Baadaye daktari akatoka.

"Mmechelewa, ila sio kabisa. Jana, au hata leo asubuhi, ingekuwa rahisi zaidi."

Jana yake na asubuhi ile najua nilikuwa wapi. Nilikuwa mita kumi kutoka kitandani kwake, nina gari lenye mafuta, nabishania mitamba miwili.

(Naona kuna mkuu ameshaanza kuuliza kama nilipona mimi. Nilikohoa wiki mbili. Nilisema ni vumbi la barabara. Endelea kusoma.)

Tulikuwa bado hapo hospitali, mzee hajulikani kama anapanda au anashuka, siku ile nchi ilipoamka na taarifa mnayoijua. Mkuu wa nchi hayupo tena. Kwenye veranda kulikuwa na redio ndogo ya mgonjwa mmoja. Mtu akaizima, mwingine akaiwasha, yule wa kwanza akaizima tena. Akina mama wakakaa chini na khanga kichwani, wageni kwa wageni, kama ni msiba wa boma moja.

Shija alikuwa anaiangalia ile redio. Kisha akasema polepole, "Mimi nilikuwa najibu watu yuko kikao."

Ya huko juu siyajui, sikuwepo, na simsemei mtu. Nasimulia ya uwanja niliokaa mimi.

Shija aliingia wodini akakaa miguuni kwa kaka yake. Tangu siku hiyo kila aliyepiga simu kuuliza alimjibu, "Amelazwa, anapumulia mashine, tuombeeni." Watu wakaanza kuja kumwona. Wawili kati yao walirudi kijijini wakaleta wagonjwa wao.

Chairman alikaa hospitali wiki tatu. Alitoka.

Mahari tulipeleka kumi na nane, mitamba ndani, sikubishania hata ukwato. Shemeji yangu alinishangaa njia nzima.

Siku ya harusi Chairman alikuwa amekonda, amevaa koti zito kwenye joto, fimbo mkononi. Alinivuta pembeni, nikajua anataka kunishukuru, nikaanza kuandaa unyenyekevu.

Akaniuliza, "Siku ile ya kwanza mlifika saa ngapi?"

"Kama saa saba mchana, mzee."

"Nilisikia gari inazima. Nikasema, Mungu amekumbuka, hawa wamekuja na gari." Akapumzika kidogo, siku hizi anapumzika katikati ya sentensi. "Nikaanza kukuita. Mimi sikuomba kufichwa, mwanangu. Nilikuita siku ile, na kesho yake nikakuita. Sauti ilikuwa haifiki mlangoni. Nilikuwa nakusikia unachekesha watu."



Akanigonga begani kwa ile fimbo, polepole, akarudi kwa wageni wake.

Wakuu, nilichotoka nacho ni hiki. Kumuulizia mtu mzima yuko wapi sio kumtakia mabaya. Mimi nilijua hayupo, nikajua yuko ndani, nikajua kuna kitu, halafu swali rahisi kuliko yote, "ana nini?", nililiuliza siku ya pili mchana, baada ya kushushiwa bei. Shija aliogopa maneno ya watu. Mimi sikuogopa kitu, nilikuwa na akili nyingi tu, na yule mzee sisi wote wawili tulikuwa tunamwua sawasawa.

Aliyewahi kukaa nje ya mlango wa namna hiyo miezi ile, aandike hapo chini ilikuwaje. Mtu wako alitoka au hakutoka, na nani alikuwa wa kwanza kuuliza. Wa kunitukana nao karibuni, nafasi ipo.