Wageni wa Nyuma ya Stoo

Mtunza bustani wa ofisi yetu alikuwa na viganja vilivyogandwa na utomvu, na kabla ya kufunua jani lolote nyuma ya stoo alisema kwa sauti ya chini, "Hodi." Tulimcheka sana. Pale palikuwa na kichaka cha magugu, na kila mwaka, mvua zikikaribia, vipepeo wa rangi ya chungwa waliokuwa safarini walitua hapo kutaga mayai. Kiwanja kizima alikifyeka, ila kichaka hicho alikizunguka kwa kunyata, kama vile ndani yake kuna mtoto mchanga amelala.

Mimi ndiye niliyemwambia akifyeke. "Chote, mwanangu?" "Chote, mzee. Wageni wanakuja." Akafuta panga kwenye suruali, akauliza, "Wageni wepi?" Nikadhani ananitania.

Wakaguzi niliokuwa nikiwasubiri walikaa nusu saa, wala hawakufika nyuma ya stoo. Wiki iliyofuata vipepeo walikuja, wakawa wanashuka na kupanda juu ya udongo mtupu, hawaoni pa kutua. Nilimkuta mzee amesimama katikati yao, kofia mkononi, akiwaambia, "Samahanini. Jamani, samahanini."